Mbwa Aliyepasuliwa Apone Vipi Nyumbani? Hoja Tatu Zinazogongana, kwa Macho ya Issuna

Mbwa jike akishafungwa kizazi na daktari akaondoka, mwenye mbwa hubaki na ushauri wa aina tatu. Daktari amemwambia amfungie kwa siku 10 hadi 14 na asimruhusu kulamba mshono. Jirani mfugaji anamwambia amwache kama alivyo, kwa kuwa mate ya mbwa ni dawa tosha. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anampa chupa ya oksitetrasaiklini na kumwelekeza achome sindano kila siku. Wote watatu wanasema kwa uhakika, na kila mmoja ana kitu anachokiegemea. Ndiyo maana mtu wa kata kama Issuna, wilayani Ikungi mkoani Singida, huweza kuishia kufanya nusu ya kila kimoja: mchana anamfunga kamba, usiku anamfungulia akalinde zizi, asubuhi anapaka majivu, jioni anachoma sindano. Mshono ukifumuka, lawama inamwangukia daktari, na mwaka unaofuata hakuna anayetaka kumleta mbwa wake.

Uchambuzi huu unazichukua hoja hizo tatu moja baada ya nyingine, kila moja kwa nguvu na udhaifu wake, kisha unazipima kwa mazingira ya kaya ya Issuna. Miongozo mingi ya uuguzi wa wanyama imeandikwa kwa watu wenye chumba cha ziada, sakafu ya vigae na gari la kumrudisha mnyama kliniki. Kaya ya Issuna haina mambo hayo, lakini ina mengine yanayofaa ambayo miongozo hiyo haiyataji.

Mkanganyiko unakotoka

Issuna iko kando ya barabara ya lami inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini. Wilaya yake, Ikungi, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Singida Vijijini. Ni nchi ya Wanyaturu, wakulima wafugaji wa alizeti, mtama, uwele na vitunguu, wenye ng'ombe, mbuzi, punda na kuku. Mbwa hapa ana kazi. Usiku analinda zizi dhidi ya fisi na wezi, mchana anafuatana na watoto malishoni. Paka naye analinda nafaka ghalani. Kumwambia mtu "mpumzishe mbwa wiki mbili" ni kumwambia asimamishe mlinzi wake kwa muda huo, na jambo hilo halina budi kuhesabiwa kama gharama halisi.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kina zaidi. Ujuzi wa upasuaji katika kaya za wafugaji umetokana na kuhasi. Dume la kulimia huhasiwa kwa burdizo, koleo zito linaloponda mishipa ya korodani bila kupasua ngozi. Hapana kidonda wala uzi, na baada ya muda mfupi dume linakwenda malishoni na wenzake. Beberu mdogo huhasiwa kwa kisu, kidonda kikaachwa wazi, watu wakakinyunyizia majivu, na mara nyingi akapona. Mfugaji aliyeyaona hayo tangu utotoni ana kila haki ya kushangaa anapoambiwa kwamba mbwa mmoja anahitaji kulindwa kama mgonjwa wa hospitali.

Lakini upasuaji wenyewe si wa aina moja. Kumfunga kizazi mbwa jike ni kufungua ukuta wa tumbo, kufunga mishipa ya damu ya ovari na ya mfuko wa uzazi, kuvitoa, kisha kushona kwa tabaka: misuli kwanza, halafu nyama laini ya chini ya ngozi, mwisho ngozi yenyewe. Kidonda cha beberu kikiingia uchafu, usaha una njia ya kutokea nje. Mshono wa tumbo ukiachia, matumbo ndiyo yanayotoka. Mbwa dume yuko katikati: tumbo lake halifunguliwi, hatari yake ni ndogo zaidi, na anachohitaji hasa ni kuzuiwa kulamba na kukimbia mpaka uvimbe uishe. Ushauri unaomfaa dume ukihamishiwa kwa jike bila kufikiri, huua.

Sababu ya tatu ni ya mfumo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari na kutofautisha madaktari waliosajiliwa na wataalamu wasaidizi. Madaktari wengi wamesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Bwana mifugo au bibi mifugo wa kata, kwa kawaida, ana astashahada au stashahada kutoka vyuo vya mifugo vya LITA kama Mpwapwa na Tengeru. Kwa hiyo anayepasua aghalabu hutoka mbali, na anayebaki kijijini siye aliyepasua. Jirani na Arusha yapo mashirika kama Mbwa wa Africa la Usa River, na Dar es Salaam ipo TAWESO, ambayo yamewazoesha baadhi ya wakazi upasuaji wa mbwa na paka. Ukiwa katikati ya Singida, mazoea hayo ni machache, na pengo kati ya kisu na uuguzi ni pana. Kwenye pengo hilo ndipo zinapoingia hoja tatu.

Mwili wenyewe unataka nini

Kabla ya kuzipima hoja ni vizuri kujua kinachotokea chini ya ngozi, kwa sababu ugomvi mwingi unaisha hapo.

Saa 24 za kwanza tatizo ni nusu kaputi. Dawa ya ketamini, inayotumika sana kwenye kazi za vijijini, humwacha mnyama amelala huku macho yake yako wazi. Vumbi la uani hutua moja kwa moja kwenye mboni, na familia hudhani yuko macho au amekufa. Mwili wake unapoteza joto upesi, na usiku wa Juni na Julai kwenye uwanda wa Singida una baridi ya kutosha kumdhuru. Anayumba, anaweza kutumbukia shimoni, anaweza kumng'ata hata mtoto anayempenda kwa kuwa hajijui. Maji apewe kidogo kidogo akishaweza kuinua kichwa na kukishikilia; chakula chepesi jioni, nusu ya kawaida.

Kuanzia siku ya pili hadi ya tano jeraha linavimba kidogo na kuwa jekundu kwenye kingo. Huko ni kupona. Katika siku hizo kinachoshikilia tumbo ni uzi, kwa kuwa nyama haijashikana bado. Kovu huongeza nguvu polepole: hata baada ya wiki 3, ngozi iliyoshonwa ina takriban asilimia 20 tu ya nguvu yake ya awali. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Siku ya tatu mbwa anachangamka, anatikisa mkia, anataka kukimbilia mbuzi. Kwa nje amepona, kwa ndani bado anategemea uzi. Kila hoja tutakayoipima ijibu swali moja: inamlindaje mnyama katika siku hizo ambazo yeye mwenyewe hajui kwamba ni mgonjwa?

Hoja ya kwanza: mwache, atajitibu

Hoja hii isidharauliwe. Mbwa wa kijijini ana ujuzi wa kujipumzisha kivulini, hali akiwa hana hamu, na hafurahii kushikwashikwa. Kumfungia mnyama ambaye hajawahi kufungiwa humfanya ahangaike, arukeruke na kutafuna mlango, na purukushani hiyo nayo hufumua uzi. Tena haina gharama.

Hata habari ya mate ina ukweli ndani yake. Mwaka 1990 watafiti Benjamin Hart na Karen Powell wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mate ya mbwa na kukuta kwamba yanaweza kuua baadhi ya bakteria, hususan E. coli na aina moja ya streptokoka inayowapata mbwa. Ila dhidi ya stafilokoka, ambao ni miongoni mwa wachafuzi wakubwa wa vidonda vya ngozi, nguvu yake ilikuwa ndogo mno kutegemewa. Na huo ulikuwa ni uchunguzi wa mate maabarani. Ulimi wenyewe ni msasa. Mbwa akilamba mshono kwa nusu saa anatoa gamba lililokwisha kufunga, analoweka kingo, kisha meno yanagundua ncha ya uzi na kuivuta. Mate yale yale yamebeba bakteria wa kinywani, na mdomo wa mbwa wa Issuna umetoka kwenye mzoga au jalalani saa moja iliyopita.

Watetezi wa hoja hii huongeza kwamba kuna nchi zinazowapasua mbwa wa mitaani na kuwarudisha walikotoka bila muuguzi yeyote. Ni kweli. Huko Jaipur, India, shirika la Help in Suffering lilianza kazi hiyo mwaka 1994. Lakini tuangalie wanavyofanya: tundu la upasuaji ni dogo, nyuzi ni za kuyeyuka, na mbwa hukaa kwanza chini ya uangalizi kabla ya kuachiwa. Mfano huo hauthibitishi kwamba mbwa yeyote aliyeshonwa kwa njia yoyote aachwe tu. Unathibitisha jambo jingine, kwamba namna ya kupasua inaweza kupunguza mzigo wa kuuguza. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote.

Na kwa Issuna kuna inzi. Kwenye kaya yenye zizi mlangoni, mvua zikianza, inzi akitaga kwenye jeraha lenye unyevu mayai huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, na funza wakaingia chini ya ngozi. Mbwa aliyeachwa ajitibu hujificha akiwa na maumivu, na kwa kuwa amejificha hakuna anayeona.

Hoja ya pili: dawa ndiyo kinga

Hii ndiyo hoja yenye wafuasi wengi na yenye madhara yaliyojificha zaidi.

Tuanze na sindano ya antibayotiki. Upasuaji uliofanyika kwa usafi, kwa vifaa vilivyochemshwa au kutakaswa ipasavyo, kwenye mnyama mwenye afya, kwa muda usiozidi saa moja na nusu, kwa kawaida hauhitaji antibayotiki baada ya hapo. Pale daktari anapoona hatari, sindano yenye faida kubwa ni ile inayotangulia kisu, ili dawa iwe tayari kwenye damu wakati ngozi inafunguliwa. Anayechoma baadaye, siku hadi siku, bila kipimo cha uzito wa mbwa, anafanya mambo mawili: anamuumiza mnyama kwa sindano iliyokusudiwa ng'ombe, na anawazoesha bakteria wa uani dawa ambayo kesho itahitajika kwa ndama au kwa mtoto. Tanzania ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea mwaka 2017. Mpango huo hauwezi kufanikiwa ikiwa mshono safi wa mbwa unatosha kuwa sababu ya chupa nzima.

Pamoja na hayo, siwezi kumlaumu kirahisi anayenunua. Daktari yuko mbali, upasuaji ulifanyika chini ya mti, na vumbi lilikuwa jingi. Hofu yake ina msingi. Jibu sahihi kwa hofu hiyo litoke kwa daktari mwenyewe siku ya upasuaji: ama achome sindano inayodumu na kuiandika kwenye kadi, ama aseme wazi kwamba haihitajiki na aeleze dalili zitakazobadilisha uamuzi huo. Ukimya wa daktari ndio unaomwuzia muuza duka dawa yake.

Kisha kuna vinavyopakwa. Majivu, unga wa vidonge vya rangi mbili, oili chafu, spiriti, magadi. Majivu hunyonya unyevu na yakitoka jikoni moja kwa moja huwa hayana vijidudu vingi, na kwa hiyo kwenye kidonda wazi cha beberu yalijipatia sifa. Kwenye mshono yanageuka kokoto: yanakaa kati ya kingo zinazotaka kuungana. Unga wa kidonge hautibu chochote, unafanya ukoko unaoficha usaha. Spiriti na dawa kali za kusafishia huua hata chembe changa zinazojenga nyama mpya. Oili chafu ina sumu, na mbwa atailamba.

Asali inahitaji maneno yake, maana Singida na hasa upande wa Manyoni na Itigi ni nchi ya asali. Ni dawa ya kweli ya vidonda: sukari yake nyingi hunyonya maji kutoka kwa bakteria, ina uchachu, na hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Kidonda kilichofumuka na kuachwa wazi, kikifunikwa kwa kitambaa safi, kinaweza kunufaika nayo wakati mtu akisubiri daktari. Mshono uliofunga vizuri hauna haja nayo, na utamu wake unamwita mbwa alambe.

Kinachofaa kwa mshono wa kawaida ni kuuacha mkavu. Ukichafuka, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe, futa taratibu kwa kitambaa kilichochemshwa, kausha kwa kugusagusa. Asiogeshwe mpaka nyuzi zitolewe.

Hatari kubwa kabisa ya hoja ya pili ni dawa za maumivu za binadamu, na hapa sitazungumza kwa upole. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Damu yake inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso unavimba, na anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya hewa. Ibuprofeni na diklofenaki humchoma mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe: zile za jamii ya piretroidi, kama permethrini, zikipuliziwa paka ili kumfukuzia inzi, humtia degedege. Mtu aliyefanya hivi alifanya kwa huruma. Mnyama amekufa kwa sababu alihurumiwa na mtu ambaye hakuelezwa.

Ila tusiishie kukataza. Mnyama aliyepasuliwa tumbo anaumia, na maumivu humnyima kula, kulala na kupona. Dawa zake zipo, kama meloksikamu, kwa kipimo kinachotegemea uzito na kwa siku chache. Daktari anayepasua bila kuacha dawa ya maumivu ameacha kazi nusu, na anamsukuma mwenye mnyama kwenye pakiti ya Panadol iliyoko dirishani.

Hoja ya tatu: afungiwe kama yuko wodini

Hoja ya daktari ndiyo iliyo sahihi zaidi kitabibu. Pumziko, kizuizi cha kulamba, ukaguzi mara mbili kwa siku, nyuzi kutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Wanaoitekeleza hupata matokeo mazuri kuliko wote. Udhaifu wake uko kwenye utekelezaji: inadai kifaa ambacho hakipo na chumba ambacho hakipo, na mtu akishindwa sharti moja huona ameshindwa yote, akaacha.

Kola ya plastiki ya dukani inaweza kubadilishwa na ndoo. Chukua ndoo kuukuu ya lita 10, au ya lita 5 kwa mbwa mdogo, kata kitako mpaka tundu lilingane na shingo, funika ukingo uliokatwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili usimkate. Toboa matundu manne kuzunguka, pitisha utepe, funga kwenye mkanda wake wa shingoni kwa ulegevu wa vidole viwili. Mdomo wa ndoo uipite pua kidogo, vinginevyo ulimi utafika. Avuliwe wakati wa kula mtu akiwa amemsimamia, kisha avalishwe tena. Siku ya kwanza atagonga kila mlango, siku ya pili atazoea.

Kwa paka na mbwa jike mdogo fulana kuukuu ya mtoto ni bora zaidi. Kichwa kinapita shingoni, miguu ya mbele mikononi, na upindo wa chini unafungwa juu ya mgongo mbele ya mkia ili haja zitoke bila kuichafua. Zinahitajika fulana mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, kwa kuwa fulana chafu juu ya mshono ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Chumba nacho kinapatikana. Tenga la kuku, lile linalopakiwa kwenye mabasi ya barabara ya Singida, likioshwa na kuanikwa juani ni wodi nzuri ya paka: lina hewa, lina giza la kutuliza, na haliruhusu kuruka. Hilo hilo limbebe akitoka kupasuliwa. Mnyama aliyetiwa ndani ya gunia nyuma ya bodaboda, shingo imekunjwa na nusu kaputi haijaisha, anaweza kuziba pumzi njiani bila mtu kujua. Kwa mbwa mkubwa, pembe ya jiko la nje ni afadhali kuliko banda la mbuzi. Moshi kidogo hupunguza inzi, ingawa mwingi utamuumiza mapafu, na moto uwe mbali naye. Chini atandikiwe salfeti safi inayoweza kuoshwa. Samadi na majani makavu vibaki kwa mbuzi.

Suala la ulinzi ndilo gumu. Mbwa anayefungwa kamba ndefu mlangoni bado anabweka, na kubweka ndiko kazi yake kubwa usiku. Kinachomdhuru ni kufukuza, kuruka ukuta na kupigana. Nionavyo mimi, huu ndio muafaka: afungwe karibu na nyumba ili abaki kuwa kengele, asiachiwe kuwa askari. Siku 10 za kwanza asiende malishoni hata mara moja, na wachungaji waambiwe hivyo kwa majina, kwa sababu mbwa atawafuata wao.

Mambo ambayo hoja zote tatu huyasahau

La kwanza ni majira. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo kuna tope, inzi, na watu wote wako shambani kutwa. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, kuna watu nyumbani na inzi ni wachache, japo kuna vumbi na baridi ya usiku. Vumbi linazuiwa kwa kunyunyiza maji sakafuni, baridi inazuiwa kwa gunia na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Funza hawazuiliki kirahisi namna hiyo. Kwa upasuaji usio wa dharura, basi, msimu wa baada ya mavuno ndio unaofaa, na waandaaji wa kampeni waupange hivyo badala ya kufuata kalenda ya bajeti. Jike pia asiwe kwenye joto wala asiwe ananyonyesha, kwani mishipa yake huwa imejaa damu.

La pili ni mikono. Issuna, kama sehemu kubwa ya mkoa, ina Waislamu na Wakristo, na kwa Waislamu wengi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda na wa mifugo anaruhusiwa kufugwa, lakini kumshika mgonjwa anayelowesha mikono ni jambo jingine. Daktari anayetoa maelekezo bila kuliuliza hili anampa mtu kazi ambayo ataikwepa kimyakimya. Mifuko ya plastiki mikononi inatosha kwa ukaguzi, na jirani anaweza kusaidia. Kuna pia kichaa cha mbwa: mbwa mwenye maumivu hung'ata, na kwa hiyo chanjo itangulie upasuaji, au ifanyike siku hiyo hiyo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

La tatu ni chakula. Uji mzito wa uwele au ugali laini na mchuzi wa dagaa unamfaa. Mchuzi huo usiwe na vitunguu, na kwa mkoa unaolima vitunguu kama huu onyo hili si dogo: vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na mnyama aliyetoka kupoteza damu hana chembe za kuchezea. Mifupa ya kuku isubiri.

La nne ni kujua wakati wa kumpigia daktari simu. Fizi nyeupe, tumbo linalojaa, kutapika mfululizo, kukosa mkojo siku nzima, usaha wenye harufu, au mshono ulioachia hata kwa upana wa kidole. Utumbo ukionekana, usirudishwe ndani: ulowekwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, ufunikwe kwa kitambaa safi kilicholowa, mnyama afungwe shuka kuzunguka tumbo, na safari ianze.

Kuzipima hoja

Hoja ya kwanza ina haki kuhusu utulivu na gharama, na imekosea kuhusu ulimi na inzi. Kwa jike aliyefunguliwa tumbo haifai. Hoja ya pili ina haki kwamba maambukizi ni ya kuogopwa, lakini dawa zinazopatikana kirahisi ndizo zinazodhuru zaidi. Hoja ya tatu ina haki karibu katika kila jambo la mwili wa mnyama, isipokuwa imebebesha kaya mzigo wote.

Msimamo wangu ni kwamba mzigo huo ugawanywe upya, na sehemu kubwa irudi kwa aliyeshika kisu. Daktari anayekuja Issuna anajua tangu awali kwamba hatakuwepo siku ya 10. Basi atumie nyuzi za kuyeyuka zilizofichwa chini ya ngozi, ili mbwa asipate ncha ya kuvuta na mwenye mbwa asihitaji nauli ya kutolewa nyuzi. Afungue tundu dogo kadiri ujuzi wake unavyoruhusu. Aache dawa ya maumivu iliyopimwa na kufungwa kwa siku. Amkabidhi afisa mifugo wa kata orodha ya wanyama aliowapasua, ili jicho moja lenye mafunzo lipite siku ya tatu na ya saba. Afisa huyo hahitaji kupasua ili aweze kutambua usaha. Uangalizi huo upangwe kwenye gharama za kampeni kama vile ganzi na pamba zinavyopangwa. Kampeni inayojivunia idadi ya mbwa iliowapasua bila kujua wangapi walipona haijamaliza hesabu.

Mwenye mnyama abaki na sehemu yake, ambayo hakuna daktari anayeweza kuifanya: ndoo shingoni au fulana mwilini, kamba mlangoni, kuangalia mshono asubuhi na jioni, na kukataa kila kidonge ambacho hakikutoka kwa daktari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na kwa siku hizo 10 utunzaji wenyewe ndio huo.

Na mazungumzo yafanyike kabla ya kisu. Mwenye mbwa wa Issuna, kabla hujakubali mbwa wako alazwe mezani, muulize daktari uzi gani atautumia, ni dawa gani ya maumivu atakayokuachia, na nani wa karibu atakayekuja kumwona. Daktari asipokuwa na majibu ya maswali hayo matatu, mbwa wako hana ugonjwa unaomlazimu kupasuliwa leo. Mrudishe nyumbani, umlete wakati majibu yatakapokuwepo.